Salio la kila mstari: kupiga jumla limbikizi kwenye hifadhidata, kwa mfano wa stoo ya samaki Lamu

Daftari la stoo ya samaki hapa Amu, yaani mji wa Lamu, lina safu moja inayogombewa kuliko zote, nayo ni ya mwisho: salio. Nahodha huchukua barafu na mafuta ya mashine kwa deni, huenda baharini, hurudi na changu na nguru, samaki wakapimwa na thamani yao ikakatwa kwenye deni. Pembeni mwa kila mstari karani huandika deni lilipofikia. Nahodha akija kuhakiki hesabu yake, haulizi jumla ya mwezi. Anauliza: "Maalim, siku ile nilipochukua mafuta, deni lilikuwa limefika wapi?"

Jibu la swali hilo ndiyo jumla limbikizi. Kila mstari unabeba jumla yake pamoja na ya mistari yote iliyoutangulia.

Kwenye karatasi hakuna ugumu, kwa sababu mstari wa juu uliandikwa kabla ya wa chini na kidole cha karani kinateremka kwa zamu. Hifadhidata haina juu wala chini. Mistari imo ndani ya jedwali, basi, na usipoiambia ipi inatangulia ipi, itakupa kwa utaratibu wowote unaoirahisishia kazi. Mwongozo huu karibu wote unahusu jambo hilo moja: kutaja mpangilio, na kuutaja kikamilifu.

Ninadhani msomaji anajua SELECT, WHERE na GROUP BY. Hayo yanatosha.

Kabla ya kuanza

Mifano yangu ni ya SQLite. Ni ya bure, haihitaji seva, na hifadhidata nzima hukaa kwenye faili moja unayoweza kuinakili kwenye flashi jioni ukaenda nayo nyumbani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, muamala ambao haukukamilika hurudishwa nyuma wenyewe faili inapofunguliwa tena. Kwa stoo ya ufukweni, sioni haja ya kitu kikubwa zaidi.

Angalia toleo lako kwanza:

```sql
SELECT sqlite_version();
```

Unahitaji 3.25 au la baadaye, yaani la kuanzia mwaka 2018, kwa sababu ya neno OVER tutakalolitumia kupiga jumla limbikizi. Wenye MySQL wanahitaji 8.0, ambalo nalo ni la 2018. MariaDB ni 10.2, SQL Server ni 2012. PostgreSQL imekuwa na uwezo huu tangu 8.4 ya mwaka 2009. Aliye na toleo la zamani kuliko hayo asikate tamaa, njia yake ipo mbele kidogo.

Hatua ya kwanza: jedwali

```sql
CREATE TABLE miamala (
  namba    INTEGER PRIMARY KEY,
  tarehe   TEXT    NOT NULL,
  chombo   TEXT    NOT NULL,
  maelezo  TEXT,
  kiasi    INTEGER NOT NULL
);
```

Mambo matatu hapa yana sababu.

Tarehe iandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-01-04. SQLite huihifadhi kama maandishi, na maandishi ya namna hiyo yakipangwa kwa herufi hujipanga pia kwa wakati. Ukiandika 4/1/2025 kama tulivyozoea kwenye daftari, tarehe 12/1 itakaa kabla ya 4/1, kwa kuwa 1 iko kabla ya 4, na salio lote litavurugika bila ya kompyuta kulalamika. Kwenye PostgreSQL au MySQL tumia aina ya DATE uondokane na wasiwasi huo.

Kiasi ni namba kamili, shilingi bila ya nukta. Kama unahesabu na senti, hifadhi senti zenyewe kisha ugawanye kwa 100 wakati wa kuonyesha. Namba za nukta inayoelea hubeba makosa madogo madogo, na jumla limbikizi ndiyo mahali pabaya zaidi pa kuyaacha, maana kosa la mstari mmoja hubebwa hadi mwisho wa jedwali. Wenye PostgreSQL wanaweza kutumia NUMERIC.

La tatu, safu ya fedha ni moja tu. Alichochukua nahodha ni chanya, alichorudisha ni hasi. Wengi hupenda safu mbili, moja ya deni na moja ya malipo, kwa kuwa ndivyo daftari lilivyo. Sina ugomvi nao, ila waangalie kitu kimoja: palipoachwa wazi si sifuri, ni NULL, na namba yoyote ukiitolea NULL jibu ni NULL. SUM nayo huiruka NULL kimyakimya, na mstari mzima hukosekana kwenye hesabu. Mwenye safu mbili aandike hivi kila mara, COALESCE iweke 0 palipo na NULL:

```sql
COALESCE(deni, 0) - COALESCE(malipo, 0)
```

Sasa tuingize mistari ya kufanyia mazoezi. Majina ya vyombo na bei nimebuni.

```sql
INSERT INTO miamala VALUES
 (1, '2025-01-04', 'Subira',  'barafu',  1200),
 (2, '2025-01-04', 'Tawakal', 'mafuta',  3600),
 (3, '2025-01-06', 'Subira',  'mafuta',  2700),
 (4, '2025-01-06', 'Subira',  'samaki', -3000),
 (5, '2025-01-07', 'Tawakal', 'samaki', -2500),
 (6, '2025-01-09', 'Subira',  'nyuzi',   1800),
 (7, '2025-01-09', 'Tawakal', 'barafu',  1200),
 (8, '2025-02-02', 'Subira',  'samaki', -4100),
 (9, '2025-02-03', 'Tawakal', 'mafuta',  3000);
```

Hatua ya pili: jumla ya stoo nzima

```sql
SELECT namba, tarehe, chombo, maelezo, kiasi,
       SUM(kiasi) OVER (
         ORDER BY tarehe, namba
         ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
       ) AS salio
FROM miamala
ORDER BY tarehe, namba;
```

Safu ya salio itasoma 1200, 4800, 7500, 4500, 2000, 3800, 5000, 900, 3900. Piga mwenyewe kwa kalkuleta kabla ya kuniamini.

SUM peke yake hukusanya mistari yote ikawa jibu moja. Ikifuatwa na OVER, kila mstari hubaki mahali pake, na SUM hupewa dirisha la kuchungulia mistari mingine. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya OVER ndiyo yanayosema dirisha hilo linaona nini. Hapa tumesema: panga kwa tarehe na namba, kisha chukua kuanzia mstari wa kwanza kabisa hadi huu uliopo.

ORDER BY imetokea mara mbili na kila moja ina kazi yake. Ya ndani ya mabano inaamua hesabu inavyopigwa. Ya mwisho inaamua mistari inavyoonyeshwa. Ukiondoa ya mwisho, masalio yatakuwa sahihi lakini mistari inaweza kuonekana imechanganyika. Ukiondoa ya ndani na kuacha ya mwisho, utapata orodha iliyonyooka yenye hesabu usiyoweza kuitetea mbele ya mtu.

Hatua ya tatu: kila chombo na hesabu yake

Salio la stoo nzima linamfaa tajiri mwenye mtaji. Nahodha wa Subira hana habari na deni la Tawakal. Neno linaloongezeka ni moja:

```sql
SELECT chombo, tarehe, namba, maelezo, kiasi,
       SUM(kiasi) OVER (
         PARTITION BY chombo
         ORDER BY tarehe, namba
         ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
       ) AS salio
FROM miamala
ORDER BY chombo, tarehe, namba;
```

```
Subira   2025-01-04  1  barafu   1200   1200
Subira   2025-01-06  3  mafuta   2700   3900
Subira   2025-01-06  4  samaki  -3000    900
Subira   2025-01-09  6  nyuzi    1800   2700
Subira   2025-02-02  8  samaki  -4100  -1400
Tawakal  2025-01-04  2  mafuta   3600   3600
Tawakal  2025-01-07  5  samaki  -2500   1100
Tawakal  2025-01-09  7  barafu   1200   2300
Tawakal  2025-02-03  9  mafuta   3000   5300
```

PARTITION BY hugawa mistari mafungu, na hesabu huanza upya kila fungu jipya. Subira amemaliza na hasi 1400, maana yake stoo ndiyo inayodaiwa. Hilo si kosa. Hutokea wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, samaki wanapokuwa wengi, na mwenye stoo hujitia hamnazo.

Mtego wa siku moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia na hawajui wameumia.

Mafunzo mengi hukupa umbo fupi: `SUM(kiasi) OVER (PARTITION BY chombo ORDER BY tarehe)`. Limesomeka vizuri, limekwenda, halikutoa kosa lolote. Liendeshe kwenye mistari ya Subira uone:

```
2025-01-04  1  barafu   1200   1200
2025-01-06  3  mafuta   2700    900
2025-01-06  4  samaki  -3000    900
2025-01-09  6  nyuzi    1800   2700
2025-02-02  8  samaki  -4100  -1400
```

Tazama mstari wa mafuta. Subira alikuwa na deni la 1200, akachukua mafuta ya 2700, na karatasi inasema deni limekuwa 900. Mpe nahodha karatasi hiyo uone kama mtaelewana. Na jumla ya mwisho ni sahihi, kwa hiyo anayekagua chini tu ataipitisha.

Sababu yake ni hii. Ukiweka ORDER BY ndani ya OVER bila ya kutaja fremu, yaani mstari wa ROWS BETWEEN unaosema dirisha lianzie wapi na liishie wapi, kanuni ya SQL hukuchagulia fremu ya RANGE, na RANGE haihesabu mstari kwa mstari. Mistari yenye thamani moja kwenye ORDER BY huhesabiwa kuwa ni rika moja, na rika zima huingia kwenye jumla kwa pamoja. Mistari ya 3 na 4 ina tarehe moja, basi yote miwili imepewa jumla ya mwisho wa siku. Ukitaka salio la kufunga siku, tabia hiyo inakufaa kabisa. Ukitaka salio la kila mstari, haikufai.

Dawa ina sehemu mbili, na napendelea kuzitumia zote pamoja. Ya kwanza ni kuandika ROWS waziwazi. Ya pili ni kumalizia ORDER BY na safu isiyojirudia, hapa ni `namba`. ROWS bila ya safu hiyo inaacha mlango wazi: mistari miwili ya tarehe moja inaweza kupangwa hivi leo na vile kesho, na hifadhidata haijavunja ahadi yoyote, kwa kuwa hukuiambia ipi itangulie. Karatasi iliyochapwa asubuhi ikatofautiana na ya jioni, na hakuna aliyegusa kitu.

Lipo jambo la kufikiri kuhusu `namba` yenyewe. Hiyo ni zamu ya kuingizwa kwenye kompyuta, si zamu ya kutokea. Risiti za kamba kutoka Kizingitini zikifika Amu siku ya pili na boti ya abiria, zitapata namba kubwa kuliko za waliopima hapa hapa mjini. Kwa kuwa tarehe inatangulia kwenye mpangilio, siku haziingiliani. Ndani ya siku moja tu ndipo zamu itakuwa ya karani. Kama saa ina umuhimu kwako, ongeza safu ya saa na uiweke kati: `ORDER BY tarehe, saa, namba`. Namba ibaki ya mwisho hata hivyo, maana saa nazo hugongana.

Hatua ya nne: hesabu ya mwezi mmoja tu

Mwisho wa Februari unataka kuchapa hesabu ya Februari pekee. Mkono unaenda wenyewe kwenye WHERE:

```sql
WHERE tarehe >= '2025-02-01'
```

Subira atapata mstari mmoja wenye salio la hasi 4100. Deni lake la Januari limefutika, na stoo imejitia hasara ya 2700. WHERE hufanya kazi kabla ya dirisha kufunguliwa, kwa hiyo SUM haikuiona Januari kabisa.

Piga hesabu yote kwanza, kisha chuja nje. WITH hulipa ulizo la ndani jina, hapa ni `hesabu`, ulitumie kama jedwali:

```sql
WITH hesabu AS (
  SELECT namba, tarehe, chombo, maelezo, kiasi,
         SUM(kiasi) OVER (
           PARTITION BY chombo
           ORDER BY tarehe, namba
           ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
         ) AS salio
  FROM miamala
)
SELECT chombo, tarehe, maelezo,
       salio - kiasi AS salio_la_kabla,
       kiasi,
       salio
FROM hesabu
WHERE tarehe >= '2025-02-01'
ORDER BY chombo, tarehe, namba;
```

Sasa Subira anaonekana ameingia na 2700, amerudisha 4100, amebaki na hasi 1400. `salio - kiasi` ni ujanja mdogo unaokupa salio la kabla ya mstari bila ya ulizo jingine. Manahodha wanaupenda kwa sababu mstari wa kwanza wa karatasi mpya unashikana na wa mwisho wa karatasi ya zamani.

Umbo hilohilo hujibu swali la tajiri: chombo gani kilivuka deni la 5000, na lini?

```sql
SELECT chombo, MIN(tarehe) AS siku
FROM hesabu
WHERE salio > 5000
GROUP BY chombo;
```

Weka WITH ileile juu yake. Jibu ni Tawakal, tarehe 3 Februari. Ukijaribu kuandika SUM … OVER moja kwa moja ndani ya WHERE, hifadhidata itakataa, na afadhali ikatae.

Hatua ya tano: kilo za samaki, siku kwa siku

Mizani nayo ina jedwali lake:

```sql
CREATE TABLE mizani (
  namba  INTEGER PRIMARY KEY,
  tarehe TEXT    NOT NULL,
  chombo TEXT    NOT NULL,
  aina   TEXT    NOT NULL,
  gramu  INTEGER NOT NULL
);
```

Gramu, kwa sababu ileile ya senti. Siku moja inaweza kuwa na vipimo chungu nzima: changu peke yake, tafi peke yake, pweza peke yake. Tunachotaka ni mstari mmoja kwa siku, wenye kilo za siku na kilo za tangu mwanzo. Kusanya kwanza, limbikiza baadaye:

```sql
WITH siku AS (
  SELECT tarehe, SUM(gramu) AS gramu
  FROM mizani
  GROUP BY tarehe
)
SELECT tarehe,
       gramu / 1000.0 AS kilo,
       SUM(gramu) OVER (
         ORDER BY tarehe
         ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
       ) / 1000.0 AS kilo_limbikizi
FROM siku
ORDER BY tarehe;
```

Siku tatu za 38500, 41250 na 27000 zitatoa 38.5, kisha 79.75, kisha 106.75. Tarehe ikishakuwa moja kwa kila mstari, mtego wa rika hauna pa kukamata, ndiyo maana hapa `tarehe` peke yake inatosha. Ile .0 kwenye 1000.0 usiisahau: namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili kwenye SQLite na PostgreSQL, sehemu hutupwa, na 38.5 yako itakuwa 38.

Siku isiyo na samaki haina mstari. Ijumaa vyombo vingi havitoki, na kusi likichacha zinaweza kupita siku mfululizo bila ya mizani kuguswa. Kwa hesabu ya fedha hilo halidhuru. Kwa mchoro au ripoti ya mwezi linadhuru, kwani siku zinarukwa na mchoro unaonekana kama watu wanavua kila siku. Tengeneza kalenda kwa WITH RECURSIVE, inayoongeza siku moja moja, kisha uiunganishe na jumla za siku kwa LEFT JOIN, ambayo haiachi siku yoyote ya kalenda hata isiyo na samaki:

```sql
WITH RECURSIVE kalenda(siku) AS (
  SELECT '2025-01-01'
  UNION ALL
  SELECT date(siku, '+1 day') FROM kalenda
  WHERE siku < '2025-01-31'
),
jumla_ya_siku AS (
  SELECT tarehe, SUM(gramu) AS gramu
  FROM mizani GROUP BY tarehe
)
SELECT k.siku,
       COALESCE(j.gramu, 0) / 1000.0 AS kilo,
       SUM(COALESCE(j.gramu, 0)) OVER (
         ORDER BY k.siku
         ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
       ) / 1000.0 AS kilo_limbikizi
FROM kalenda k
LEFT JOIN jumla_ya_siku j ON j.tarehe = k.siku
ORDER BY k.siku;
```

Hapa limbikizo linaanza tarehe 1 Januari, na ndivyo tulivyokusudia. Wenye PostgreSQL wana `generate_series`, mambo yao mepesi.

Kalenda hiyo inasaidia pia kwenye jumla ya siku saba zilizopita. Badilisha fremu iwe `ROWS BETWEEN 6 PRECEDING AND CURRENT ROW`. Kumbuka tu kwamba hiyo ni mistari saba. Itakuwa siku saba pale ambapo kila siku ina mstari wake.

Kuanza upya kila msimu

Kuanza upya kila mwezi ni rahisi: weka `PARTITION BY strftime('%Y-%m', tarehe)`. Kila mwaka, `strftime('%Y', tarehe)`. Lakini pwani hii mvuvi hahesabu kwa Januari na Desemba. Anahesabu kaskazi na kusi, na kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka ikatoka mwaka mwingine. Ukigawa kwa mwaka, umeikata kaskazi vipande viwili, na msimu bora wa samaki unaonekana kama misimu miwili dhaifu. Nimeona ripoti za namna hiyo zikisomwa mkutanoni, wazee wakatazamana tu.

Andika misimu kwenye jedwali lake:

```sql
CREATE TABLE misimu (
  jina   TEXT PRIMARY KEY,
  mwanzo TEXT NOT NULL,
  mwisho TEXT NOT NULL
);

INSERT INTO misimu VALUES
 ('Kaskazi 2024/25', '2024-11-01', '2025-03-31'),
 ('Kusi 2025',       '2025-04-01', '2025-10-31');
```

Tarehe hizo ni za mfano, upepo hausomi kalenda. Waulize manahodha wenyewe msimu umefunguka lini kisha uandike hiyo.

```sql
SELECT s.jina, m.tarehe, m.chombo, m.aina,
       SUM(m.gramu) OVER (
         PARTITION BY s.jina, m.chombo
         ORDER BY m.tarehe, m.namba
         ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
       ) / 1000.0 AS kilo_za_msimu
FROM mizani m
JOIN misimu s ON m.tarehe BETWEEN s.mwanzo AND s.mwisho
ORDER BY s.mwanzo, m.chombo, m.tarehe, m.namba;
```

Angalia misimu isipishane wala isiache mwanya. Ikipishana kwa siku mbili, samaki wa siku hizo watahesabiwa mara mbili, mara moja kila msimu. Ikiacha mwanya, samaki wa humo hawataonekana popote. Na hili ni la kila JOIN: kabla hujalimbikiza, hesabu mistari kwa COUNT(*) kabla na baada ya kuunganisha. Idadi ikibadilika, usiendelee.

Kwa wenye matoleo ya zamani

Bila ya OVER, kila mstari utauliza jumla yake wenyewe:

```sql
SELECT m.chombo, m.tarehe, m.maelezo, m.kiasi,
       (SELECT SUM(x.kiasi)
          FROM miamala x
         WHERE x.chombo = m.chombo
           AND (x.tarehe < m.tarehe
                OR (x.tarehe = m.tarehe AND x.namba <= m.namba))
       ) AS salio
FROM miamala m
ORDER BY m.chombo, m.tarehe, m.namba;
```

Majibu ni sawasawa na ya hatua ya tatu. Tatizo ni jasho. Mstari wa kwanza unasoma mstari mmoja, wa pili miwili, wa elfu unasoma elfu. Chombo chenye mistari 1000 kinasomewa mistari 500,500. Chenye 10,000 kinasomewa 50,005,000. Data imeongezeka mara kumi, kazi mara mia. Kwa stoo ndogo haitahisika. Ikianza kuhisika, sasisha programu.

Kwenye MySQL ya zamani kuna pia mtindo wa kubeba jumla ndani ya kigeu, `@jumla := @jumla + kiasi`. Siupendekezi. Mpangilio wa utekelezaji wake haujapata kuhakikishwa, na tangu matoleo ya 8.0 umewekwa kwenye orodha ya vitu vitakavyoondolewa.

Kuharakisha, kuhakiki, kuhifadhi

Mistari ikiwa mingi, faharasa moja inatosha:

```sql
CREATE INDEX faharasa_salio ON miamala (chombo, tarehe, namba);
```

Zamu ya safu ndani yake ifuate PARTITION BY kisha ORDER BY. Hapo hifadhidata huisoma mistari ikiwa imeshapangwa, haina haja ya kuipanga upya.

Uhakiki ni wa kulinganisha tu. `SELECT chombo, SUM(kiasi) FROM miamala GROUP BY chombo` lazima itoe hasi 1400 kwa Subira na 5300 kwa Tawakal, sawa na masalio yao ya mwisho, na zote mbili kwa pamoja 3900, sawa na mwisho wa hatua ya pili. Lakini mtego wa siku moja haunaswi na uhakiki huu, kama ulivyoona. Kwa huo, tafuta siku yenye miamala miwili ya chombo kimoja, uisome kwa macho.

Salio lenyewe usilihifadhi kama safu ya jedwali. Kishawishi ni kikubwa, maana daftari linalo. Lakini risiti moja ya wiki iliyopita ikipatikana mfukoni mwa mtu, kila salio lililo chini yake limekuwa batili na itabidi uyaandike upya yote. Hifadhi ulizo badala yake:

```sql
CREATE VIEW daftari AS
SELECT namba, chombo, tarehe, maelezo, kiasi,
       SUM(kiasi) OVER (
         PARTITION BY chombo
         ORDER BY tarehe, namba
         ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
       ) AS salio
FROM miamala;
```

Tangu hapo `SELECT * FROM daftari WHERE chombo = 'Subira' AND tarehe >= '2025-02-01' ORDER BY tarehe, namba` inakupa salio sahihi, kwa kuwa kichujio cha tarehe kiko nje ya dirisha.

Risiti hiyo ya mfukoni, hata hivyo, ina neno lake. Ukiiingiza kwa tarehe yake ya zamani, hesabu itajinyoosha yenyewe, ila haitalingana tena na karatasi ambayo nahodha ameshapewa na kuitia saini. Kama umeshachapa hesabu ya mwezi huo, iingize kwa tarehe ya leo na uandike kwenye maelezo ni ya siku gani. Kosa la kiasi nalo lirekebishwe hivyohivyo: usiufute mstari wa zamani, ongeza mstari wa kuutengua na mwingine wenye kiasi sahihi, yote miwili kwa tarehe ya leo.